Huduma za afya ya akili kwa simu: Kwa nini waliowahi kuugua waitwe mezani mapema

SIMU ya mkononi imekwisha kuwa benki, soko na posta ya Mkenya wa kawaida. Sasa inatarajiwa kuwa pia mlango wa huduma za afya ya akili, hasa kwa wakazi wa mashambani walio mbali na daktari wa maradhi hayo.

Kwa kaunti za Meru na Embu, matarajio hayo yana mashiko. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,545,714 katika kaunti ya Meru na 608,599 katika kaunti ya Embu. Wengi wao huishi vijijini, kuanzia mashamba ya chai na kahawa kwenye miteremko ya Mlima Kenya hadi nyanda kame za Mbeere.

Hata hivyo, huduma ya simu inaweza kujengwa kwa gharama kubwa, ikazinduliwa kwa mbwembwe, kisha ikakosa watumiaji. Mbaya zaidi, inaweza kumdhuru yule iliyokusudiwa kumwokoa.

Mara nyingi tofauti hutokana na jambo moja: iwapo watu waliowahi kuugua waliitwa mezani huduma ilipokuwa ingali wazo, au waliletewa ikiwa tayari ili waipigie makofi.

Makala haya yanaeleza wahudumu rika ni akina nani, kwa nini mchango wao ni wa lazima katika kubuni huduma za kidijitali, sheria za Kenya zinasema nini, na jinsi kaunti inavyoweza kuwashirikisha bila kuwatumia kama pambo.

MHUDUMU RIKA NI NANI?

Mhudumu rika katika afya ya akili ni mtu aliyepitia maradhi ya akili yeye mwenyewe, akapata nafuu ya kutosha kuendesha maisha yake, kisha akafunzwa kutumia tajriba hiyo kuwasaidia wengine.

Wameru na Waembu wanalijua rika kuwa ni watu waliopita jandoni wakati mmoja. Katika huduma hii neno hilo halihusu umri, bali limebeba maana iyo hiyo ya kupita njia moja. Mhudumu na anayehudumiwa wanaweza kupishana miaka 30, lakini wote wawili wanajua jinsi inavyokuwa kuamka bila nguvu ya kutoka kitandani, au kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii.

Mhudumu rika si daktari wala muuguzi. Hatoi dawa na hatambui ugonjwa. Kazi yake ni kumtembelea aliyetoka hospitalini, kumsikiliza, kumweleza jinsi yeye alivyokabiliana na madhara ya dawa, kumsindikiza kliniki na kumwingiza katika kikundi cha wenzake.

Pia ni tofauti na mhudumu wa afya ya jamii. Huyu huzuru nyumba zote za kijiji kwa masuala mengi, kama vile chanjo, uja uzito, malaria na shinikizo la damu. Mnamo Septemba 2023, serikali ya kitaifa ilizindua mpango wa kuwapa zaidi ya wahudumu 100,000 wa aina hiyo vifaa vya kazi, pamoja na simu za kunakili habari za wagonjwa. Wahudumu hao wana simu na wana njia ya kuingia nyumbani. Mhudumu rika ana kitu ambacho simu haiwezi kumpa mtu, yaani kuaminiwa na aliye mgonjwa.

MIZIZI YAKE KATIKA KANDA HII

Huduma za rika si jambo geni nchini. Watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonyesha kwamba anayemeza dawa kila siku anaweza kumfunza mwenzake kuzimeza, na akasikizwa kuliko daktari.

Katika afya ya akili, shirika la watumiaji na manusura wa huduma za maradhi ya akili, Users and Survivors of Psychiatry Kenya, limeendesha vikundi vya wenzao kwa miaka mingi. Mnamo 2021, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotoa mwongozo kuhusu huduma za afya ya akili katika jamii, kikundi cha shirika hilo jijini Nairobi kilitajwa miongoni mwa mifano bora duniani.

Nchini Uganda, watu waliowahi kulazwa katika Hospitali ya Butabika, Kampala, walifunzwa katika muongo wa 2010 kuwatembelea nyumbani wagonjwa walioruhusiwa kuondoka. Kuanzia 2018, mradi wa kimataifa wa utafiti ulioitwa UPSIDES uliunganisha Butabika na Taasisi ya Afya ya Ifakara nchini Tanzania, pamoja na vituo vya Ujerumani, India na Israeli, ili kuwafunza na kuwatathmini wahudumu rika.

Eneo la Meru lenyewe lina historia. Shirika la BasicNeeds liliendesha mpango wa afya ya akili na maendeleo katika iliyokuwa wilaya ya Meru Kusini, ambayo sasa iko katika kaunti ya Tharaka Nithi. Mpango huo uliunganisha matibabu, vikundi vya kusaidiana na shughuli za kujipatia riziki.

Utafiti uliochapishwa mnamo 2013 uliwafuatilia watu 203 wa mashambani waliokuwa katika mpango huo, wakiwa na maradhi makali ya akili au kifafa. Hali yao ya afya, maisha na kazi iliimarika. Utafiti haukuwa na kundi la kulinganishwa nalo, hivyo hauwezi kuthibitisha kwamba mpango pekee ndio ulioleta mabadiliko hayo. Hata hivyo, ulionyesha kwamba mgonjwa wa kijijini anaweza kufuatiliwa kwa miezi mingi akiwa kwao.

JINA MOJA, NENO MOJA

Mchango wa mlengwa katika ubunifu mara nyingi huwa jambo dogo ambalo mtaalamu hakuliona. Mifano mitatu yatosha.

Wa kwanza ni wa Zimbabwe. Mnamo 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafunza akina nyanya wa Mbare, jijini Harare, kuwasikiliza wagonjwa wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya kliniki. Wazo la awali lilikuwa kuliita benchi la afya ya akili. Akina nyanya walisema wazi kwamba hakuna atakayekubali kuonekana amelikalia. Likabadilishwa jina likawa Benchi la Urafiki.

Katika majaribio yaliyohusu watu 573 kutoka kliniki 24 za Harare, matokeo yakichapishwa mnamo 2016, waliohudumiwa kwenye benchi hilo walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi 6 kuliko waliopata huduma ya kawaida. Akina nyanya hao hawakuwa wahudumu rika kwa maana kamili ya neno, lakini walikuwa watu wa mtaa, na neno lao ndilo lililofungua mlango.

Wa pili ni wa Kenya. Katika utafiti wa WelTel, uliochapishwa mnamo 2010, watu 538 walioanza dawa za kupunguza makali ya Ukimwi waligawanywa katika makundi mawili. Wauguzi walilitumia kundi moja ujumbe mfupi kila wiki wenye neno moja tu: 'Mambo?' Mgonjwa alijibu 'Sawa' au 'Shida', na aliyesema ana shida au aliyenyamaza alipigiwa simu.

Katika kundi hilo, asilimia 62 walimeza dawa ipasavyo, dhidi ya asilimia 50 katika kundi la pili. Ujumbe haukutaja ugonjwa, dawa wala hospitali. Aliyeusoma kwa bahati mbaya angeona salamu tu.

Wa tatu ni M-Pesa. Majaribio yake yalianza 2005 yakilenga wakopaji kulipa mikopo midogo. Waliopewa huduma hiyo wakaanza kuitumia kwa mengine, hasa kutumiana fedha. Ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa nyumbani ndiko kulikokuwa kiini chake. Watumiaji walikuwa wameibuni upya, na kampuni ikawasikiliza.

WANAYOYAONA WAHUDUMU RIKA

Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mhandisi wa programu aliye Nairobi anaweza kuwa stadi mno, lakini kuna maswali ambayo hatajua kuyauliza kuhusu mgonjwa wa Maua au Kiritiri.

Swali la kwanza ni la simu yenyewe. Nyumba nyingi za mashambani hutumia simu moja kwa zamu. Tuseme programu inatuma ujumbe saa mbili usiku, ikimkumbusha mke kumeza dawa ya skizofrenia, na simu iko mkononi mwa mumewe au shemeji yake. Siri iliyotunzwa kwa miaka imefichuka kwa sekunde moja. Mhudumu rika aliyewahi kuficha dawa zake ndani ya kibuyu cha unga ataliona jambo hilo mapema.

La pili ni aina ya simu. Programu inayohitaji simu ya kisasa na bando za intaneti humwacha nje mwenye simu ya kabambe. Anayeugua mara nyingi ndiye aliyepoteza kazi, na simu ndiyo huuzwa kwanza. Huduma ya sauti au ujumbe mfupi, isiyomtoza mgonjwa chochote, inaweza kufika mbali kuliko programu yenye picha za kupendeza.

La tatu ni lugha. Kimeru kina lahaja kadhaa, zikiwamo za Imenti, Tigania na Igembe. Embu kuna Kiembu na Kimbeere. Kuandika 'sonona' au 'wasiwasi uliopindukia' kwa Kiswahili sanifu ni hatua njema, lakini hakumsaidii mzee anayesema tu kwamba moyo wake ni mzito au kwamba anawaza kupita kiasi. Maneno anayoyatumia mgonjwa kujieleza yanajulikana vyema na aliyewahi kuyatumia mwenyewe.

La nne ni mazoea ya mahali. Igembe na Tigania ni ngome ya miraa, nayo Mbeere ni chimbuko la muguka. Mazao haya ni riziki ya maelfu ya jamaa, na programu inayoanza kwa kuyalaani itafungwa papo hapo. Lakini anayetafuna usiku kucha hukosa usingizi, na ukosefu wa usingizi unaweza kuamsha maradhi ya akili yaliyotulia. Mhudumu rika wa huko anajua kuuliza juu ya usingizi bila kuhubiri.

La tano ndilo zito zaidi, nalo ni kitufe cha dharura. Wabunifu wengi hupendekeza programu ipige kengele mtumiaji anapoandika kwamba anataka kujitoa uhai. Swali ni kengele hiyo ilie wapi.

Kwa miaka mingi, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujitoa uhai kuwa kosa la jinai. Ni Januari 2025 tu ambapo Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mfumo uliounganishwa na polisi kabla ya hapo ungemgeuza mgonjwa kuwa mshukiwa. Hata sasa, baada ya uamuzi huo, mtu aliyewahi kufungwa kamba na kubebwa kwa gari la polisi hataandika ukweli kwenye simu ikiwa anahofia nani atatokea mlangoni.

SHERIA ZINASEMAJE?

Kuwashirikisha waliougua si hisani. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu mnamo 2008. Kifungu chake cha 4 kinazitaka serikali kushauriana kwa karibu na watu wenye ulemavu, wakiwamo wenye ulemavu wa kiakili na kisaikolojia, katika maamuzi yanayowahusu. Katiba ya 2010 inaifanya mikataba iliyoridhiwa kuwa sehemu ya sheria za nchi, na inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya utawala.

Mnamo 2011, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu (KNCHR) ilitoa ripoti iliyofichua jinsi sekta ya afya ya akili ilivyotelekezwa. Baadaye, jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mnamo 2020 kwamba matatizo ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa.

Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 ilirekebishwa Juni 2022. Marekebisho hayo yalizipa serikali za kaunti majukumu ya moja kwa moja, yakaanzisha mabaraza ya afya ya akili ya kaunti na kutambua haki ya mgonjwa ya kushiriki katika kupanga matibabu yake.

Kwa upande wa teknolojia, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka habari za afya katika daraja la data nyeti, zinazohitaji ulinzi wa ziada. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 nayo inasimamia mifumo ya kielektroniki ya afya.

Umuhimu wa sheria hizo ulionekana Marekani mnamo Januari 2022. Ilifichuliwa kwamba Crisis Text Line, huduma ya msaada wa dharura kwa ujumbe wa simu, ilikuwa ikiigawia kampuni ya kibiashara data ya mazungumzo iliyoondolewa majina. Baada ya malalamiko ya umma, huduma hiyo ilisitisha ushirikiano huo. Watu waliokuwa wakiomba msaada usiku wa manane hawakuwa wamefikiri kwamba kilio chao ni malighafi ya biashara.

HATUA ZA KUWASHIRIKISHA

Ushirikishaji wa kweli una hatua, na kila hatua ina kazi yake.

Kwanza ni kutambua tatizo. Kabla ya kuamua kwamba kunahitajika programu ya simu, wahudumu rika waulizwe wagonjwa hukwama wapi. Huenda jibu likawa kwamba dawa huisha hospitalini, na mgonjwa hulipa nauli mara mbili bure. Ikiwa hivyo, ujumbe mfupi wa kueleza kama dawa ipo una thamani kuliko mafunzo ya kupumua yaliyorekodiwa kwa video.

Pili ni kuchora. Wahudumu rika wakae na wahandisi, wapitie kila neno na kila ukurasa ungali kwenye karatasi. Kufuta mstari kwenye karatasi hakugharimu kitu. Kubomoa programu iliyokamilika hugharimu mamilioni, na ndiyo sababu hakuna anayekubali kuibomoa.

Tatu ni majaribio. Yafanyike mahali huduma itakapotumika, penye mtandao hafifu na betri inayokwisha, wala si katika ukumbi wa hoteli mjini. Wahusika watoke nyanda za juu na za chini, wanawake na wanaume, vijana na wazee.

Nne ni uendeshaji. Programu isiachwe peke yake. Nchini Marekani, mtafiti Karen Fortuna wa Chuo Kikuu cha Dartmouth na wenzake, wakiwamo wahudumu rika, walibuni mfumo uitwao PeerTECH ambapo programu ya simu hutumiwa pamoja na mhudumu rika aliye hai. Simu hukumbusha na kutunza kumbukumbu, naye binadamu husikiliza.

Tano ni tathmini. Wahudumu rika washiriki kuamua mafanikio ni nini. Kampuni huhesabu waliopakua programu. Mgonjwa huhesabu miezi aliyokaa bila kurudi wadini.

MITEGO YA KUEPUKWA

Mtego wa kwanza ni kumwalika mtu mmoja, kumpiga picha na kuandika katika ripoti kwamba walengwa walishauriwa. Mtu mmoja kati ya wataalamu 12 hanyanyui mkono. Wawe watatu au zaidi, na wawe na mamlaka ya kusema jambo fulani lisifanywe.

Wa pili ni kuwataka wajitolee. Mhandisi hulipwa, daktari hulipwa, hata anayepika chai ya mkutano hulipwa. Tajriba ya mhudumu rika ndiyo iliyomleta hapo, na ilimgharimu pakubwa kuipata. Alipwe ujira wa kazi, si nauli na soda pekee. Katika jimbo la Georgia, Marekani, huduma za rika zilianza kulipiwa na bima ya umma ya Medicaid tangu 1999, na hatua hiyo iliifanya kuwa kazi yenye mafunzo na vyeti.

Wa tatu ni kusahau afya ya mhudumu mwenyewe. Kusoma jumbe za watu waliokata tamaa, siku baada ya siku, kunaweza kumrudisha alikotoka. Anahitaji msimamizi, mapumziko na uhakika kwamba akiugua tena kazi yake itamngoja. Kuugua tena si ithibati kwamba hakufaa.

Wa nne ni kuitumia simu kama kisingizio. Huduma ya kidijitali haiwezi kuziba pengo la dawa, wauguzi na vitanda. Kaunti inayonunua programu huku rafu za duka la dawa zikiwa tupu imenunua njia ya kumwambia mgonjwa kwa haraka kwamba hakuna msaada.

MASWALI KWA KAUNTI

Kampuni na mashirika yataendelea kubisha hodi katika ofisi za afya za Meru na Embu yakiwa na programu zilizokamilika. Maafisa wa kaunti na mabaraza ya afya ya akili wana haki ya kuuliza maswali machache kabla ya kutia sahihi.

Ni wahudumu rika wangapi walioshiriki, na walianza lini? Walilipwa kiasi gani? Walikataa nini, na kilibadilishwa? Data ya mgonjwa inahifadhiwa wapi, na nani anaweza kuiona? Mgonjwa asiye na simu ya kisasa atahudumiwaje? Kengele ya dharura ikilia saa tisa usiku, ni nani atakayeipokea, na atamfikia mgonjwa kwa gari gani?

Mwenye huduma iliyobuniwa ipasavyo atayajibu bila kutazama pembeni. Asiyeweza kuyajibu arudishwe akaanzie mahali alipopaswa kuanzia, kwa wenyewe waliokilalia kitanda hicho.

Anayehitaji kusikilizwa, au aliye na wasiwasi juu ya usalama wa jamaa yake, anaweza kupiga nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu nchini Kenya bila malipo, au kufika katika hospitali iliyo karibu naye.